Kurasa Kumi na Sita za Aika

Marahabaa, wanangu. Najua hamjaniamkia, maana msomaji hana namna ya kumwamkia aliyeandika, lakini mimi ni mtu wa Akheri, huku Meru, na siwezi kuanza mazungumzo na vijana kabla salamu haijapita. Tuseme mmeniamkia na mimi nimeitikia. Sasa kaeni.

Nilifanya kazi ya kujalidi vitabu miaka thelathini na kitu, katika kiwanda kimoja cha uchapaji pale Arusha mjini. Jina lake nitaliacha, kwanza hakipo tena. Kujalidi, kwa asiyejua, ni kuchukua karatasi iliyokwisha kuchapwa na kuifanya kitabu: kuikunja, kuipanga, kuishona kwa uzi, kuipaka gundi, kuivika jalada. Mwandishi anaandika, mchapaji anachapa, halafu wote wawili wanakwenda kunywa chai. Wanaobaki na kitabu mikononi ni sisi. Na jina letu halimo ndani, hata kwa herufi ndogo. Sijalalamika, nimesema tu.

Nawaandikia kwa sababu ya mjukuu wangu Glory, aliye kidato cha tano. Majuzi alikaa jikoni kwangu akaniambia, "Bibi, zamani nilikuwa napenda sana kusoma. Siku hizi nikifika ukurasa wa pili nimeshachoka. Sijui nimepatwa na nini." Mama yake akadakia, "Ni hiyo simu!" Labda ni simu. Lakini mimi sikuwa na simu ya maana, ile yangu ni ya tochi, na jambo hilohilo lilinipata. Kusoma kulinitoka mimi, niliyekula na kusomesha watoto kwa vitabu, na kukakaa nje miaka minne. Glory aliposema vile sikumkaripia. Nilimshika mkono. Inauma, jamani, kupoteza kitu ulichokuwa unakipenda huku bado kipo mezani kinakutazama.

Kwanza mjue karatasi, la sivyo hamtanielewa huko mbele. Karatasi kubwa ya mtambo ikishachapwa pande zote mbili, ukiitazama utadhani aliyeipanga alikuwa mlevi. Ukurasa wa kwanza uko huku, wa nane uko kichwa chini, wa kumi na sita umekaa jirani na wa kwanza. Unaikunja mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na kila ukurasa unapata mahali pake, kumi na sita mfululizo. Hilo sisi tuliliita kunjo. Kitabu cha kurasa mia moja na sitini ni makunjo kumi. Kila kunjo linashonwa katikati yake, kwa hiyo kitabu cha kushonwa ukikifungua taratibu utaona uzi, halafu kurasa kumi na sita bila uzi, halafu uzi tena. Hivi vya siku hizi vya gundi tupu, vinavyomwaga kurasa kama kuku anayenyonyoka, msiniulize habari zake.

Fundi mkuu wetu alikuwa Mzee Lazaro, mtu mfupi, mkali, mikono yake ilinuka gundi hata Jumapili kanisani. Siku yangu ya kwanza alinipa mfupa wa ng'ombe uliosuguliwa mpaka unateleza, akaniambia nikunje karatasi. Nikakunja asubuhi nzima, najiona fundi. Akaja, akachukua kunjo moja, akalipeleka dirishani, akalirudisha mezani polepole.

"Binti, hili umelikunja au umeligombeza?"

Nilikuwa nimebonyeza mno mpaka karatasi imeng'aa kwenye mkunjo. Mfupa haubonyezwi, wanangu. Unaupitisha mara moja tu, kama unamfuta mtoto pua, basi. Ilinichukua miezi mitatu kuujua huo mkono.

Mzee Lazaro alikuwa na sheria moja kubwa: karatasi nzuri haisomwi. Alisema anayesoma huacha alama ya kidole kwenye kona ya chini, na mteja hakununua kidole chako. Zilizoruhusiwa kusomwa ni zile tu zilizoharibika, zilizochapwa pacha, herufi juu ya herufi, au kupakwa wino. Na hizo zilikuwa mikononi mwa Aika.

Aika alikuwa mkaguzi. Alizipitia karatasi moja moja, yenye dosari akaiweka kando. Mtu wa Machame, mrefu, mkubwa kwangu kwa miaka sita hivi, mwenye sauti ambayo ungeisikia vizuri hata mtambo ukiunguruma chumba cha pili. Asubuhi alikuwa anakagua. Ikishafika saa nne, tukishakunywa chai, anakunja zile zilizoharibika na kutusomea. Sisi washonaji tulikaa tumempa mgongo, macho kwenye sindano, masikio kwake. Mzee Lazaro alijifanya hasikii. Siku moja Aika alipopumzika kidogo tukamsikia mzee anauliza kutoka kwenye gundi, "Sasa yule mke wa pili akafanyaje?"

Hapo ndipo nilipopendea kusoma. Shuleni nilisoma ili nisichapwe. Pale nilisikiliza mpaka nikasahau kwamba nina mikono. Tena niliisahau kwelikweli, maana kuna kosa nililolifanya ambalo mpaka leo likitajwa kwenye usharika mmoja huku Meru watu wananicheka.

Ilikuwa vitabu vya nyimbo za kanisa. Kila kunjo lina alama nyeusi mgongoni, na ukiyapanga sawasawa zile alama zinateremka kama ngazi, kwa hiyo kosa unaliona hata ukiwa umbali wa hatua mbili. Mimi siku hiyo Aika alikuwa amefika mahali pazuri, sikuangalia ngazi. Nikashona vitabu ishirini na kunjo la tano likikaa mahali pa la tatu. Vikaenda. Jumamosi yake kuna harusi, kwaya imepewa vitabu vipya. Wakaanza kuimba vizuri ubeti wa kwanza, ulio chini kabisa ya ukurasa. Wakageuza ukurasa wapate wa pili, wakakutana na ubeti wa tatu wa wimbo wa maziko. Nusu ya kwaya wakanyamaza. Nusu nyingine, hasa mabesi, ambao kwa kawaida hawaangalii wanachoimba, wakaendelea kumzika bibi harusi mbele ya wazazi wake. Mzee Lazaro aliniita Jumatatu. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Penina, nenda ukavifumue vyote kwa mkono," na nikavifumua vyote kwa mkono.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo habari yenyewe ilipo.

Nilikuja mjini bila baraka za baba. Yeye alitaka nibaki Akheri na ng'ombe na migomba, na kuna mtu alikuwa ameshakuja kuniposa. Nikaondoka asubuhi mama akiwa mtoni. Baba akasema nisikanyage kwake. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, sikukanyaga. Kutoka mjini hadi kwetu si mbali, hata nusu siku kwa miguu haiishi, lakini ningeona afadhali kwenda Kongo. Ikaja wiki moja nikasikia baba anaumwa na hajaniulizia. Niliendelea kushona. Machozi yakawa yanadondoka kwenye uzi, na uzi wenye nta hauchukui maji, kwa hiyo yalikuwa yanateleza mpaka kwenye karatasi. Nilidhani hakuna aliyeona.

Wiki ileile Aika alikuwa anatusomea riwaya ya mlinzi mmoja wa reli na binti yake mpiga taipu, walioachana kwa maneno makali. Akafika mahali ambapo yule baba anakata mkungu wa ndizi alfajiri, anaubeba begani mpaka mlangoni kwa binti yake, anasimama. Hapigi hodi. Anautua mkungu taratibu usije ukamwamsha, anafuta mikono kwenye suruali, anarudi zake. Binti akifungua mlango anakuta ndizi, na utomvu bado mbichi. Wanangu, niliacha sindano. Jumamosi ile nilikwenda Akheri. Baba alikuwa amekaa nje kwenye jua na blanketi. Nikasimama mbele yake. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Umekonda. Ingia, mama yako amepika mtori." Basi. Aliishi miaka mingine tisa, na miaka yote tisa tulizungumza.

Kwa hiyo mkiona mtu anasema kitabu ni karatasi tu, mwelekezeni kwangu.

Miaka ikaenda. Mashine za gundi zikaja, Mzee Lazaro akafa, sisi tukapunguzwa mmoja mmoja. Aika alitoka kabla yangu, akaenda kukaa kwa binti yake Joyce huko Kimandolu. Mimi nilipostaafu nikarudi Akheri, nikajiapiza: sasa nitasoma. Nitasoma vitabu vizima, kuanzia jalada mpaka jalada, siyo vipande vya kuibia sikioni. Na cha kwanza kitakuwa kile cha mlinzi wa reli.

Nilikitafuta mwaka mzima. Nikakipata gulioni Kwa Mrombo, kwa mtu aliyetandika vitabu chini katikati ya viatu vya mtumba. Nikakitambua kwa mshono kabla sijaona jina. Nilikibeba kifuani kama mtoto. Nilifika nyumbani nikapekua nizitafute zile ndizi.

Hazikuwepo.

Nikaanza upya, tangu mwanzo. Baba yupo, binti yupo, ugomvi upo. Halafu binti anahama mji, baba anastaafu, kuna sura ndefu ya mkutano wa wafanyakazi, wanapatanishwa na mjomba kwenye kikao. Ndizi hakuna. Nikasema kuna kunjo limeanguka. Nikahesabu nyuzi, makunjo yako yote. Nikabandua jalada nikaangalia ngazi za mgongoni, zimenyooka. Kitabu kizima! Nilikisoma mara tatu kwa hasira, na mara ya tatu nikaanza kujitilia shaka mwenyewe. Labda niliota. Labda kichwa ndicho kinachokwisha.

Baada ya hapo kila kitabu nilichofungua nilikiona kama kimenyofolewa kitu. Nasoma ukurasa, macho yanakwenda, moyo umebaki nje. Mwisho najikuta napapasa mshono, nakagua gundi, nafunga. Nikanunua miwani mipya, haikusaidia. Nikavitia vitabu kwenye sanduku la bati na juu yake nikaweka ndoo ya pumba za ng'ombe. Wageni wakiniuliza, "Bibi Penina, bado unasoma?" nawajibu, "Sana." Nilikuwa mwongo mkubwa.

Ndipo Joyce akanipigia simu. "Mama mdogo, shikamoo. Mama anakuulizia. Macho yamekwisha kabisa, ni presha ya macho. Anasema umsomee."

Ningekataaje? Aika alinisomea miaka kumi na tisa. Nikaenda Jumatano, nikamkuta amekaa kibarazani Kimandolu, mgongo umenyooka kama zamani, kitabu mapajani. Cha kushonwa, kazi yetu wenyewe, riwaya moja nene ya karani wa mahakama. Akanishika uso kwa mikono miwili. "Umezeeka, Peni." Nikamwambia, "Na wewe hujajiona." Tukacheka mpaka Joyce akatoka ndani kuangalia.

Nikaanza kumsomea. Mwee! Nilisoma kama mtu anayetwanga mahindi ya jirani. Jumatano ya pili, ya tatu, nikaanza kuruka. Kwanza aya, halafu ukurasa, halafu nikawa nachota kurasa kumi kumi na kuunga kwa maneno kama "baada ya siku nyingi". Nikajiambia haoni, atajuaje?

Jumatano ya nne akanyoosha mkono katikati ya sentensi. "Nipe."

Nikampa. Akakiweka mapajani kikiwa wazi palepale, akapitisha kidole katikati ya kurasa, akarudi nyuma, kidole kinatembea kwenye bonde la kitabu, kinasimama, kinatembea, kinasimama. Nikajua anachofanya.

"Uko kunjo la sita," alisema. "Nimehesabu nyuzi. Joyce alipotuletea chai nilikishika kitabu, ulikuwa la tatu, na chai yangu bado ya moto. Penina, hata Mzee Lazaro kwa kukunja tu asingefika la sita."

Nikaitazama ile chai, bado inatoa mvuke.

"Umenichoka? Ukinichoka sema. Mimi ni kipofu, si mtoto."

"Sijakuchoka wewe, dada," nikasema. "Nimechoka kusoma. Sisomi tena. Miaka minne sijamaliza hata kitabu kimoja, nadanganya watu wote." Nikamwambia kila kitu. Kwa Mrombo, mlinzi wa reli, ndizi zisizokuwepo, sanduku la bati na ndoo ya pumba.

Kisha nikaona mabega yake yanatikisika.

"Mae!" Hivyo ndivyo wanavyoshangaa kwao. "Umezitafuta ndizi? Kitabu kizima?"

"Mara tatu!"

"Usingezipata, Peni. Hazikuwemo."

"Hazikuwemo vipi na wewe ulizisoma?"

"Nilizisoma wapi? Mnasahau nilikuwa nawasomea karatasi zilizoharibika tu. Wiki ile nilikuwa na kunjo la sita na la nane. La saba halikuharibika hata karatasi moja. Yule mchapaji alilewa wiki nzima kasoro siku hiyohiyo. Sasa ningefanyaje, niwaambie subirini? Nilikuwa natunga. Miaka yote natunga, na ninyi mmenipa mgongo mnashona. Na siku ile wewe ulikuwa unalilia uzi." Akaacha kucheka. "Nikakuwekea baba yako."

Nilikasirika, sitawaficha. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka bila kuaga, mtu mzima mimi. Nilijiona nimechezewa. Nimeishi maisha yangu yote juu ya ukurasa ambao haukuchapwa! Siku tatu nilikuwa nagombana na ng'ombe. Siku ya nne, nakamua, hasira zikaisha ghafla nikaanza kulia, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. Kwa sababu nilielewa. Nilikuwa nimekilaumu kitabu kwa kutokuwa na kitu ambacho nilipewa na mtu. Aliniona kwa nyuma, akaona mabega tu, na akanisomea mimi. Na mimi niliposhindwa kukiona kile kitu kwenye karatasi, nikasusa karatasi zote za dunia.

Jumatano nikarudi. Sikuomba msamaha kwa maneno, nilimpelekea maziwa. Aika naye hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliniambia masharti.

"Kunjo moja. Kuanzia mwanzo wake mpaka mwisho wake, ukurasa wa kumi na sita funga, hata kama mtu ana mguu mmoja hewani. Na ukurasa ukikuchosha usiuruke kimyakimya. Sema umenichosha huu, tuutukane wote, halafu tuendelee."

Wanangu, ninyi mnaosema kusoma kumewashinda, hili ndilo nililolipata kwa gharama ya miaka minne, chukueni bure. Nilikuwa najipima kwa kitabu kizima, na kitabu kizima ni mlima. Kurasa kumi na sita mtu anaweza hata akiwa na huzuni. Na kunjo halijali sura wala nukta, linakatika popote. Lile la kwanza liliishia pale karani amefungua kabati la mahakama "na ndani yake, nyuma ya majalada ya kesi, akaona". Aika akasema, "Funga." Nikasema, "Dada, neno moja tu." "Funga!"

Nilirudi Akheri na kitabu mkobani, nikiwa nataka kujua. Mnajua ni muda gani sikuwa nimetaka kujua kitu? Nachuma kahawa najiuliza, kaona nini kabatini. Nafyeka majani, kaona nini. Ijumaa nikashindwa, nikakitoa kitabu mkobani nikachungulia, nikasoma kunjo zima nimesimama kando ya zizi. Jumatano nikamsomea kama mtu asiyejua, Aika akanisikiliza mistari mitatu.

"Umeshaisoma hii. Sauti yako inajua kinachokuja."

"Nimechungulia kidogo."

"Muongo. Umesoma lote." Na akafurahi, akapiga paja kwa furaha, kwa sababu alishaelewa kwamba nimepona. Baada ya hapo ndoo ya pumba nikaiondoa juu ya sanduku. Sikuwa nasoma haraka na mpaka leo sisomi haraka. Pale ambapo mwandishi ameruka kitu, nikawa najiuliza Aika angetia nini hapo. Mara nyingine nampelekea swali na ananijibu papo hapo, kurasa tatu nzima kichwani, na mbingu ni shahidi, mara nyingi zilikuwa bora kuliko za mwandishi.

Desemba ikafika. Mnajua Arusha inavyokuwa Desemba, Wachaga wote wanapanda kwao Kilimanjaro kula Krismasi. Joyce alikuwa ameamua mwaka ule wasiende, kwa sababu njia ya kushukia nyumbani kwao Machame ni ya mteremko na mwaka uliotangulia mama yake alianguka. Alifanya vizuri, hata mimi ningeamua hivyo. Lakini Aika alikaa kibarazani mchana ule akisikiliza magari ya majirani yakipakiwa.

"Mtaa mzima unahama," alisema. "Nimewafungia watoto mlango, Peni. Nimekuwa mzigo usiosafiri."

Nikafungua kitabu, kunjo la nane. Karani wa mahakama alikuwa kwenye kikao, kurasa na kurasa za hukumu. Nikasoma ukurasa mmoja, nikamtazama. Uso wake ulikuwa umegeukia upande wa barabara. Basi nikaendelea kusoma, macho yangu yapo kwenye hukumu, na mdomo ukaanza kusema mambo mengine.

Nikasoma kwamba karani alikuwa na mama, na mama huyo hakuwa akiona. Na Desemba moja akapanda kwao. Hakuna aliyemshika mkono, maana miguu ilikumbuka. Alivua viatu kileleni mwa njia, akateremka kwenye udongo wa baridi katikati ya migomba, akasikia mfereji kushoto kwake, maji yaleyale. Akafika uani. Kila aliyewahi kumkosea alikuwa amesimama hapo, na kila mmoja ameshika jani la sale mkononi, kama wanavyofanya Wachaga mtu akiomba msamaha. Akawapokea. Halafu mtu mmoja akamwambia, mama, umechelewa, ndizi zimeshaiva chunguni.

Hapo maneno yakaniishia. Sijawahi kutunga maishani mwangu, nilikuwa natoka jasho. Nikageuza ukurasa ili angalau isikike karatasi.

Aika akageuza uso kutoka upande wa barabara. Halafu akasema, "Soma tena hapo."

Nikasoma tena. Sikuweza kuyarudia kama yalivyokuwa, mimi si yeye. Nilipofika kwenye mfereji akaninyooshea kidole.

"Mfereji uko kulia."

"Kulia, dada."

"Basi soma vizuri."

Nikasoma vizuri. Nilisoma mara nne mchana ule, na kila mara alinisahihisha kitu: mkuyu uko chini ya njia siyo juu, ua si la mabati, ni la miti. Mara ya nne alikuwa anasema pamoja nami.

Aika alikufa Februari, mvua hazijaanza. Wakampeleka Machame, na mimi nilikwenda. Nikateremka ile njia nimeshikwa mkono na Joyce, na maji yalikuwa yanapita kulia.

Kile kitabu Joyce alinipa mimi. Tulikuwa bado tumeishia mwisho wa kunjo la nane, maana tangu Desemba alikuwa hataki jingine. Wiki tatu sikukigusa, nikaogopa kwamba kusoma kutanitoka tena. Jumatano moja, saa nne, baada ya chai, nikakaa mlangoni kwangu nikafungua la tisa. Nikalisoma kwa sauti, kurasa zote kumi na sita, sikuruka hata mstari. Ndani yake karani anarudi kwa mke wake, na mwandishi, safari hii, hakuacha pengo lolote la kujaza. Ni zuri, wanangu. Ndilo kunjo zuri kuliko yote katika kitabu kile, na Aika hakulisikia.